Jinsi ya Kuiuza Pikipiki ya Mashindano Uliyoiunda kwa Mikono Yako

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye pikipiki ya zamani ya mashindano ambayo hakuinunua ikiwa kamili bali aliiunda mwenyewe, kipande kwa kipande, na ambaye sasa umri, maumivu ya mgongo, ada za wajukuu au ufinyu wa banda umemfikisha kwenye uamuzi wa kuachana nayo. Nimeuandika nikiwa Tanga, ambako niliunda yangu kwa miaka tisa katika banda la uani pale Chumbageni, kisha nikaiuza kwa bei ya wastani baada ya kupoteza bei nzuri kwa kosa langu mwenyewe. Ilikuwa BSA B33, pikipiki ya Kiingereza ya mwaka 1955, silinda moja yenye ujazo wa sisi (cc) 499, niliyoitoa kwenye stoo ya shamba la mkonge upande wa Muheza wakati kuku walikuwa wakitagia juu ya gia boksi. Mifano mingi ni ya BSA kwa sababu ndiyo niijuayo, lakini mwenye Triumph, Norton au Matchless atabadilisha jina na kuendelea.

Hatua ya kwanza: jua unauza kitu gani, na ukiite kwa jina lake

Hapa ndipo nilipoanguka, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Pikipiki nyingi za mashindano zilizoundwa majumbani ni miigo ya mashine maarufu zaidi. Mwigo si aibu, kwa kuwa hata Uingereza kwenyewe vijana wa miaka ya 1950 na 1960 walikuwa wakiweka injini ya Triumph ndani ya fremu ya Norton, wakaita zao hilo Triton, na leo Triton iliyoundwa vizuri ina heshima yake. Aibu ni kuuita mwigo kwa jina la asili. Kwa upande wa BSA, asili inayoigwa kuliko zote ni Gold Star. Jina hilo lilitokana na nishani ndogo ya nyota ya dhahabu aliyopewa mwendesha mashindano Wal Handley mwaka 1937, baada ya kuuzunguka uwanja wa Brooklands kule Uingereza kwa kasi iliyopita maili 100 kwa saa, yaani zaidi ya kilomita 160, akiwa juu ya BSA. Kiwanda kikalichukua jina, na kufikia miaka ya 1950 Gold Star zilikuwa zimeyatawala mashindano ya Clubman's TT kule Isle of Man. B33 ni ndugu yake wa nyumba moja: kipenyo cha silinda ni kilekile cha milimita 85 na mwendo wa pistoni ni uleule wa milimita 88, ila silinda ya B33 ni ya chuma na ya Gold Star ni ya alumini, na B33 ilikusudiwa mtu wa kwenda kazini, si wa kushindana.

Mimi nilikuwa nimebandika nembo ya Gold Star kwenye tangi kwa sababu ilipendeza, na nilipotangaza niliandika jina hilo bila kufikiri sana. Mnunuzi wa kwanza alisafiri kutoka Arusha usiku kucha. Alinisalimu, "Shikamoo mzee," nikamwitikia, tukaingia bandani. Hakuangalia tangi wala kabureta. Alipiga magoti upande wa kulia, akapitisha kiganja kwenye bomba la chini la fremu, taratibu, kutoka mbele hadi nyuma ya pampu ya oili, kama mtu anayempapasa ng'ombe kutafuta kupe. Kisha akainuka na kusema kwa upole, "Mzee wangu, bomba hili limenyooka." Fremu halisi ya Gold Star ya miaka hiyo imekunjwa kidogo mahali hapo ili kuipisha pampu kubwa ya oili, na yangu haikuwa na kikunjo. Alikunywa chai, akala na mkate wa kumimina, akanishukuru na kuondoka na basi la mchana. Ninaamini kwamba kama ningeiita B33 iliyoundwa kimashindano angeinunua, kwa sababu kazi yenyewe aliisifu, lakini baada ya jina moja kuwa la uongo hakuwa tena na sababu ya kuamini jambo lingine lolote nililomwambia.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika tangazo, soma namba. Kwa BSA za aina hii namba ya injini imegongwa upande wa kushoto wa kesi ya injini, chini kidogo ya mahali silinda inapokaa, na fremu ina namba yake yenyewe. Gold Star ya mwisho ya sisi 500 huanza na herufi DBD34GS kwenye injini na CB32 kwenye fremu, na herufi zozote nyingine zina maana nyingine. Safisha namba kwa mafuta ya taa na mswaki wa meno, usitumie brashi ya waya wala msasa, kwa sababu namba iliyokwanguliwa humtia mnunuzi shaka kwamba imegongwa upya. Pakaza chaki nyeupe juu yake, kisha futa kwa kitambaa kikavu ili chaki ibaki ndani ya mistari, na upige picha. Katika tangazo la hadharani funika tarakimu mbili za mwisho, halafu umwoneshe namba kamili yule anayekuja kwa nia ya kununua.

Hatua ya pili: andika daftari la kazi

Pikipiki ya kiwandani ina kitabu chake, ila yako haina kitabu isipokuwa kichwa chako, na kichwa hakiuzwi pamoja nayo. Nunua daftari la kurasa mia, anzia gurudumu la mbele na umalizie taa ya nyuma kama ipo, na kwa kila kipande andika mambo matatu: kama ni cha asili, kimebadilishwa au kimetengenezwa, nani alikifanyia kazi, na kina kasoro gani. Ukurasa mmoja wa daftari langu ulisomeka hivi:

"Tangi: limetengenezwa. Bati la alumini la milimita 2, limegongwa juu ya gogo la mwembe lililochongwa umbo, nusu mbili, zikachomelewa katikati kwa gesi. Siku 23. Kuna kiraka chini upande wa kushoto ambako uchomeleaji wa kwanza ulivuja. Halivuji sasa."

Sentensi ile ya kiraka ndiyo mnunuzi wangu wa mwisho aliyoisoma mara mbili, kisha akafunga daftari na kuanza kuzungumza bei. Usione haya kuandika kasoro. Nyufa zilizochomelewa, jino la gia lililolika, hedi iliyokwanguliwa ikapungua kimo, beringi ya ukubwa usio wake iliyowekewa bushi aliyochonga fundi wa kerezo: yote yaandikwe, kwa sababu atakayeifungua injini hiyo miaka mitano ijayo atahitaji kujua kwa nini kipimo hakilingani na kitabu.

Andika pia mipangilio inayoiwezesha kuwaka na kukimbia: ukubwa wa jeti kuu ya kabureta, aina ya plagi, nafasi ya pointi za magneto, yaani kifaa kinachozalisha umeme wa cheche ya plagi (kwa magneto ya Lucas ya aina yangu ni inchi 0.012, yaani kama milimita 0.3), idadi ya meno ya spoketi zote mbili, na mafuta uliyotumia. Usisahau nyuzi za boliti. Boliti za pikipiki za Kiingereza za enzi zile hazifuati milimita, na spana za kawaida za duka la vipuri vya bodaboda hulegea juu ya nati hadi kuzila pembe. Mahali ulipolazimika kuweka boliti ya milimita, taja. Kama una seti ya spana za Whitworth, yaani za kipimo hicho cha zamani cha Kiingereza, iuze pamoja na pikipiki, kwani haitakufaa kwa kitu kingine na itamwokoa mwenzako.

Hatua ya tatu: iandae, lakini usiipambe

Kishawishi ni kuipaka rangi mpya. Usiipake. Rangi mpya juu ya fremu iliyoundwa kwa mkono huficha hasa kile ambacho mnunuzi makini amekuja kukiona, yaani viungo vya kuchomelea. Ioshe kwa maji baridi, ikaushe, kisha ipanguse kwa kitambaa chenye oili nyepesi. Hapa Tanga upepo wa bahari huacha chumvi kwenye kila kitu, kromu hutoboka vidoa na alumini huota unga mweupe, na dawa pekee niijuayo ni kupangusa kila wiki hadi siku inapoondoka. Kuifunika kwa turubai la nailoni ni kosa, kwa kuwa hunasa unyevu na kuusukuma ndani ya magneto.

Kama uliiendesha kwa mafuta ya mashindano yanayotokana na nyonyo, yale yenye harufu tamu ambayo mtu akishayanusa hayasahau, yamwage yote. Mafuta ya nyonyo huilinda injini vizuri sana kwenye joto kali, lakini yakikaa miezi hugeuka kuwa utando wa kunata, na yakichanganywa na oili ya kawaida hufanya ute unaoziba njia. Fungua tangi la oili, safisha mipira na chujio, na uandike katika daftari ni oili gani imo sasa. Injini hizi huweka oili kwenye tangi lake la pembeni, na zikisimama muda mrefu oili hushuka polepole hadi chini ya krenki, kwa hiyo fungua kifuniko cha chini na uimwage kabla ya kuiwasha mara ya kwanza, la sivyo moshi utajaa uani na jirani atakuja na ndoo ya maji, kama alivyokuja wa kwangu.

Kisha jaribu magneto kwa uaminifu. Magneto ya zamani iliyochoka huwa hodari ikiwa baridi na hufa ikishapata moto. Endesha injini dakika ishirini, izime, subiri dakika tano, uiwashe tena. Ikikataa, ama upeleke magneto kusukwa upya, ama uiseme kasoro hiyo na kupunguza bei.

Hatua ya nne: hati

Kama pikipiki ina kadi ya usajili, linganisha namba za injini na fremu zilizoandikwa humo na zile zilizogongwa kwenye chuma. Watu waliounda pikipiki kutokana na mbili au tatu mara nyingi hukuta kadi inataja injini ambayo imeshauzwa kwa uzito wa chuma chakavu. Peleka marekebisho Mamlaka ya Mapato (TRA) kabla ya kutafuta mnunuzi, si baada ya kupokea fedha. Kama kadi imepotea, anzia polisi kwa taarifa ya upotevu. Kama chombo hakikuwahi kusajiliwa kwa sababu kilikuwa cha uwanjani tu, kusanya ushahidi wa jinsi ulivyokipata, mathalani hati ya mauziano ya awali, risiti za vipuri na barua ya serikali ya mtaa wako, na useme wazi katika mkataba kwamba kinauzwa kama chombo kisichosajiliwa.

Mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya wakili, ukitaja namba zote mbili, bei, tarehe na saa ya makabidhiano, na kifungu kinachosema kwamba daftari la kazi ni sehemu ya mkataba. Kifungu hicho kinakulinda wewe kuliko yeye, kwa kuwa hawezi kudai baadaye kwamba hukumwambia kuhusu kiraka. Mkubaliane mapema nani atalipa kodi na ada za uhamisho wa umiliki, na uhakikishe uhamisho umefanyika kweli, kwa sababu chombo kilichobaki kwa jina lako kikipata faini au ajali ni wewe utakayeitwa.

Hatua ya tano: bei

Saa za kazi hazirudi. Nalisema hili bila kulainisha kwa kuwa nimeona watu watatu wakifa na pikipiki zao bandani kwa ajili ya kutaka walipwe kila usiku waliokesha. Fanya hesabu mbili. Ya kwanza ni ya vipande: injini ingeuzwa kiasi gani peke yake, kabureta ya Amal, spidomita ya Smiths, magneto, magurudumu, fremu. Ya pili ni ya chombo kizima kinachowaka na chenye hati. Ikiwa ya kwanza inaishinda ya pili kwa mbali, jua kwamba mnunuzi mjanja ameshaipiga hesabu hiyo, na anayekuambia ataitunza kama mwanawe huenda ataichinja wiki ileile. Ukishaiuza hutaweza kumzuia, kwa hiyo kama hilo linakuuma, chagua mnunuzi kwanza na bei baadaye, ukijua unachokipoteza.

Dalali, ukimtumia, mkubaliane fungu lake kwa maandishi kabla hajamleta mtu wa kwanza.

Hatua ya sita: siku ya kuoneshwa

Usiipashe injini moto kabla mnunuzi hajafika. Anayeelewa atagusa silinda kabla hajakupa mkono. Mwache aione ikiwashwa ikiwa baridi, na uifanye polepole huku ukieleza: unafungua petroli, unabonyeza kitufe cha kabureta hadi kidole kilowe, unarudisha nyuma wenzo wa kuchelewesha cheche, unatafuta mgandamizo kwa kiki, unainua valvu ya kupunguza mgandamizo, unaipitisha pistoni juu kidogo, unaiacha kiki irudi, ndipo unapiga teke moja refu kwa uzito wa mwili wote. Msisitize kuhusu ule wenzo. Silinda moja kubwa yenye mgandamizo mkali, ikiwashwa cheche ikiwa mbele, hurusha kiki nyuma kwa nguvu ya kuvunja kifundo cha mguu.

Kama atataka kuiendesha, mambo mawili. La kwanza ni kwamba pikipiki isiyo na taa, honi wala bima haiendi barabarani hata mita mia, kwa hiyo tafuta kiwanja cha mtu na upate idhini yake. Mimi niliazima uwanja wa ghala upande wa Pongwe siku ya Jumapili. La pili ndilo linaloumiza watu: kwenye pikipiki nyingi za Kiingereza za zamani gia ziko mguu wa kulia na breki ya nyuma iko mguu wa kushoto, kinyume cha kila pikipiki ambayo kijana wa leo ameiendesha. Akishtuka atakanyaga gia akidhani ni breki. Mwoneshe injini ikiwa imezimwa, mwambie akanyage kila upande mara kumi huku akitaja kwa sauti, ndipo umwachie. Fedha zote au dhamana inayolingana na bei iwe mkononi mwako kabla hajaachia klachi.

Malipo yafanyike benki, nyote wawili mkiwapo. Ujumbe wa simu unaosema umepokea fedha si fedha, kwa hiyo angalia salio mwenyewe.

Hatua ya saba: ikiwa inaenda mbali

Mnunuzi wa Nairobi au Mombasa anaweza kuipitisha mpaka wa Horohoro kwa barabara, na wakala wa forodha atakuambia hati za siku hiyo. Kwa usafiri wa meli, mwaga petroli yote, fungua waya wa betri kama ipo, na ufungashe kwenye kreti ya mbao iliyopigwa muhuri wa kimataifa wa ISPM 15, unaothibitisha kwamba mbao zimetibiwa dhidi ya wadudu. Mbao za mninga zisizo na muhuri, hata ziwe nzuri namna gani, zinaweza kurudishwa. Weka kipande cha ubao kati ya gurudumu la mbele na mabano ya fork kabla ya kukaza kamba, ili springi zisibaki zimegandamizwa wiki nane.

Anayeipeleka Uingereza atakuuliza kama inaweza kuingia kama chombo cha kihistoria, kwa kuwa kundi hilo hutozwa kodi ndogo. Miongoni mwa masharti ni umri wa miaka 30 au zaidi na kuwa katika hali ya asili bila mabadiliko makubwa ya fremu, usukani, breki au injini. Pikipiki iliyoundwa upya kwa mkono inaweza kushindwa sharti hilo la pili. Mpe daftari aende kuuliza huko kwao kabla ya kulipa, na usimwahidi lolote.

Hatua ya nane: makabidhiano

Panga nusu siku nzima. Mfanye mnunuzi aiwashe mwenyewe mara tatu, akaze cheni mwenyewe, avue na kurudisha plagi mwenyewe, wewe ukiwa umekaa kwenye kigoda na mikono yako magotini, jambo ambalo litakuwa gumu kuliko unavyodhani. Mkabidhi vipuri vya akiba vikiwa kwenye makopo yenye majina. Baki na nakala ya mkataba, nakala ya kitambulisho chake na nakala ya daftari, na mwachie namba yako ya simu, kwa kuwa atapiga.

Wangu alikuwa fundi kijana wa Korogwe. Alipiga siku ya nne, kabla ya magharibi, akiwa na hofu kwamba injini inakimbia dakika tano kisha inakohoa na kuzima, naye ameshafungua kabureta mara mbili bila kuona uchafu. Nilimwambia, "Mwanangu, umeling'arisha tangi?" Akakiri kwamba alilipaka dawa ya kung'arisha jana yake, lote na kifuniko chake. "Basi kifuniko kina tundu la kupumulia, dogo kama la sindano. Lizibue." Nilisikia akitembea, kimya kidogo, kisha teke moja refu, na injini ikashika.